Kwa nini baadhi ya timu za soka ya Marekani husubiri taji kwa miongo?

Tarehe 29 Desemba 1957, Detroit Lions iliishinda Cleveland Browns kwa pointi 59 dhidi ya 14 na kutwaa ubingwa wa soka ya Marekani. Vijana walioshangilia siku hiyo leo ni wazee, na taji jingine hawajaliona. Browns nayo ilitwaa lake la mwisho mwaka 1964. Arizona Cardinals imesubiri kuliko zote: ubingwa wake wa mwisho ni wa 1947, ilipokuwa bado ikicheza Chicago.

Linalostaajabisha ni kwamba ligi hiyo, NFL, ina kanuni zilizokusudiwa kuzuia hali kama hii. Tangu 1936, timu iliyoshika mkia hupewa nafasi ya kwanza kuchagua wachezaji chipukizi kutoka vyuo vikuu. Mapato ya haki za televisheni za kitaifa hugawanywa sawasawa kwa timu zote, ambazo sasa ni 32. Na tangu 1994 upo ukomo wa mishahara, hivyo tajiri hawezi kuwanunua nyota wote.

Hata hivyo, kanuni hutoa fursa tu. Kuitumia ni kazi ya viongozi wa timu. Mchezo huu humtegemea mno mchezaji mmoja, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira. New York Jets, ambayo haijafika hatua ya mtoano tangu msimu wa 2010, ilichagua vijana wawili wa nafasi hiyo, mwaka 2018 na 2021. Kila mmoja alidumu misimu mitatu tu.

Sababu ya pili ni kukosa subira. Timu ikifungwa, kocha hufukuzwa. Anayekuja huleta mfumo wake, na wachezaji waliochaguliwa kwa mfumo wa zamani huonekana hawafai. Kazi huanza upya.

Tatu, katika NFL hakuna kushuka daraja. Lions ilipoteza michezo yote 16 ya msimu wa 2008, na Browns ikafanya vivyo hivyo mwaka 2017. Katika soka tuliyoizoea, timu ya namna hiyo ingeporomoka daraja. Hizi zilibaki ligini na kuendelea kupata mgawo wao wa televisheni, huku uchungu ukibaki kwa mashabiki.

Detroit yenyewe imeonyesha njia ya kutokea. Mwaka 2021 ilimwajiri kocha Dan Campbell, na ikamtoa mrushaji wake Matthew Stafford kwa Los Angeles Rams ili kumpata Jared Goff pamoja na haki za kuchagua chipukizi. Campbell alishinda michezo mitatu tu msimu wa kwanza. Wa pili ulipoanza vibaya pia, mmiliki wa timu alijitokeza hadharani kumuunga mkono.

Tarehe 14 Januari 2024, Lions iliishinda Rams ya Stafford 24 kwa 23, ushindi wake wa kwanza katika mtoano baada ya miaka 32. Wiki mbili baadaye, ikiwa mchezo mmoja tu kabla ya fainali ya Super Bowl, iliongoza 24 kwa 7 hadi mapumziko, kisha ikafungwa na San Francisco 49ers 34 kwa 31. Taji la 1957 bado ndilo la mwisho.