HESABU YA MARADHI NA UJIRA WA MFANYAKAZI

Tarehe 16 Machi, 2020, wataalamu wa Chuo cha Imperial, London, walitoa hesabu ya kutisha: ikiwa Korona haitazuiwa kwa njia yo yote, wala watu hawatabadili mienendo yao, watakufa Waingereza wapatao 510,000. Siku saba baadaye Serikali yao ikawaamuru wakae majumbani.

Wako wanaodhihaki kwamba idadi ile haikutimia. Twawauliza: je, sharti lake lilitimia? Mgonjwa mmoja alikadiriwa kuambukiza watu wawili na zaidi. Wakipungua chini ya mmoja, maradhi hufifia. Hapo hatuna ugomvi na wataalamu.

Lakini hesabu ile ilipima vitanda vya hospitali, haikupima ujira. Wenyewe walisema hivyo. Madereva wa mabasi ya London waliendelea kwenda kazini, na baadhi yao wakafa.