Kadi Mpya katika Kompyuta Kongwe: Mfano wa IBM PC ya Mwaka 1981

Makala haya yanaeleza kwa nini IBM PC, kompyuta ya mezani iliyotolewa Marekani Agosti 1981, bado hupokea kadi za upanuzi zinazobuniwa leo. Ubaomama wake una sloti 5 za biti 8, na kila sloti ina ncha 62 za kupitishia umeme na ishara. IBM ilichapisha kazi ya kila ncha, michoro ya saketi, hata msimbo wa BIOS (ingawa ilishikilia hakimiliki yake). Mbunifu wa leo, basi, habahatishi.

Tuchukue kadi ya XT-IDE. Huiwezesha mashine hiyo, iliyouzwa bila diski kuu, kuhifadhi data katika kadi ya CompactFlash. Yaliyokuwa kwenye disketi yakinakiliwa humo, husomeka katika kompyuta ya kisasa. Programu ya kuiendesha imo katika chipu ya kadi yenyewe, nayo BIOS huitafuta kompyuta inapowashwa. Hapa pana kikwazo: BIOS za awali hazikufanya utafutaji huo, ulianza katika toleo la tarehe 27 Oktoba 1982. Mwenye mashine ya kabla ya hapo hana budi kubadilisha chipu ya BIOS kwanza. Umeme nao ni haba, wati 63.5 tu.

Kwa washauri wa sera, hili si jambo la wapenzi wa vitu vya kale pekee. Taasisi inayonunua vifaa bila kudai maelezo kama hayo huziweka kumbukumbu zake rehani kwa mtengenezaji. Sharti hilo liandikwe katika mkataba wa ununuzi, kabla ya malipo.