Kabla Hujajenga Tangi Kubwa la Samaki Sebuleni

Wapo wanaojenga Tunduma, Mlowo na Vwawa ambao wakifika kwenye sebule wanataka ukuta mmoja uwe na tangi la samaki la kioo. Si lile dogo la mezani, bali la mita mbili, lililotengenezwa kwa kipimo cha nyumba yenyewe. Swali linaloulizwa kwanza ni kama inafaa kisheria.

Inafaa. Kufuga kiumbe kwa ajili ya kukitazama na kuburudika nacho kumejuzishwa, na dalili inayotajwa sana ni kisa cha Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na ndege mdogo, na Mtume (S.A.W.) akawa anamtania kwa kumuulizia ndege wake huyo. Kisa kimo katika Sahihi mbili, Bukhari na Muslim. Lakini humo humo imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia. Samaki wa ndani ya kioo yuko kama paka yule. Hewa, joto, chakula na usafi wa maji yake vyote viko mikononi mwako. Basi swali zito si la uhalali. Ni je, unaweza kumtunza kwa miaka, na nani ataumia kwa wewe kumtunza?

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hawafiki. Tangi la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na kimo cha sentimita 60, ukiacha sentimita 5 juu bila maji, linabeba lita 660. Lita moja ni kilo moja. Kioo cha milimita 12 kwa tangi hilo kina uzito wa kilo 130 hivi. Ongeza mawe na mchanga kilo 100 na utakaribia kilo 900, kabla hujahesabu meza ya chuma inayolibeba. Huo ni uzito wa mifuko 18 ya saruji iliyopangwa mahali pamoja, usiku na mchana. Sakafu ya zege iliyo juu ya ardhi iliyoshindiliwa vizuri hubeba. Ghorofani usijaribu bila mhandisi kukuambia. Ndiyo maana tangi la namna hii hupangwa pamoja na ramani ya nyumba, si baada ya kuhamia.

Sasa maji. Lita 660 ni ndoo 33 za lita 20. Hizo ni za kujaza mara ya kwanza tu. Samaki hukojoa na kunya ndani ya maji anayopumulia, hivyo kila wiki inabidi utoe robo hivi ya maji na kuweka mapya: lita 165, ndoo nane na kidogo. Kwa mwezi umelijaza tangi upya. Tunduma ni mji wa mpakani uliokua haraka kuliko mabomba yake, na mkazi wa hapa hahitaji kuelezwa maana ya kuamka alfajiri kutafuta ndoo moja. Mwenye kisima au pesa ya kununua maji atasema ni mali yake. Ni kweli, lakini mafunzo ya dini yetu kuhusu maji yanajulikana: yanayozidi haja yako humzuilii mwenye kiu, na israfu imekatazwa hata katika kutia udhu. Kwa maoni yangu, ambaye majirani zake wanapanga foleni na yeye anachota kutoka foleni hiyo hiyo kwa ajili ya pambo, asijenge tangi hili. Apunguze ukubwa, au atafute maji yasiyomnyima mtu.

Na yapo. Mkoa wa Songwe hupata mvua kuanzia Novemba mpaka Aprili hivi. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu ya bati la mita za mraba 100 huleta karibu lita 1,000, ukiondoa kidogo kinachopotea kwenye mifereji. Kiangazi cha miezi sita kina wiki 26, na lita 165 kwa wiki ni lita 4,290. Simtanki moja ya lita 5,000 iliyojaa mwishoni mwa masika inakuvusha mpaka mvua nyingine bila kugusa bomba la mtaa. Maji unayoyatoa usiyamwage barabarani. Yana mbolea, na mchicha au chainizi huyapenda sana. Ukilipanga hivi tangu mwanzo, tangi la samaki linakuwa pia sababu ya nyumba kuvuna mvua na kuwa na bustani.

Baridi nayo ina lake. Tunduma iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai unajulikana. Samaki wa rangi wa Ziwa Nyasa, wale wanaoitwa mbuna, ambao ziwa lao liko karibu nasi kule Matema na Kyela, wamezoea maji ya nyuzijoto 24 mpaka 28. Kuwaweka Tunduma ni kuwasha vipasha maji vya wati 600 hivi kwa tangi hili. Vikiwaka nusu ya siku tu, ni zaidi ya uniti 7 kwa siku, yaani uniti 200 na ushei kwa mwezi. Tena hupenda maji magumu yenye chokaa, na ya mvua ni laini, kwa hiyo utahitaji kuweka mawe ya chokaa ndani. Samaki wa dhahabu hana haja ya hayo. Anavumilia baridi ya nyumba zetu bila kipasha. Si mwenyeji wa maziwa yetu, na uzuri wa mbuna hana, ila ataishi bila kukufilisi. Mimi ningemchagua yeye.

Umeme ukikatika, kinachoua haraka si njaa wala baridi. Ndani ya chujio huishi bakteria wanaogeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa naitraiti na kisha naitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne mpaka sita kujijenga, ndiyo maana tangi jipya halijazwi samaki siku moja. Weka wawili watatu, subiri. Maji yakisimama bila hewa kwa saa kadhaa, wao huanza kufa, na samaki hufuata. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua samaki, na wakati wa giza usiwalishe. Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye pipa lililo wazi siku nzima kabla ya kuyatumia.

Kwa fundi, mambo machache. Silikoni iwe ya matangi ya samaki, si ya chooni, kwa kuwa ile ya chooni ina dawa ya ukungu. Iachwe ikauke wiki nzima, kisha tangi lijazwe nje, uani, likae siku tatu. Likivuja, livuje huko. Juu liwe na mikanda ya kioo ya kuzuia kuta zisitanuke, na chini ya kioo sponji nyembamba. Nyaya za umeme zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Mahali pa kuswalia pasielekee tangi, Mtume (S.A.W.) alilivua vazi lenye nakshi lililomshughulisha katika swala, na samaki wanaocheza wanashughulisha zaidi ya nakshi. Sanamu za watu zinazouzwa kama mapambo ya ndani ziache, mawe yanatosha.

Lililobaki ni samaki kutoka wapi, na waende wapi. Kuvua samaki ziwani na kuwauza kunahitaji leseni, na kuwavusha mpakani kutoka upande wa Nakonde bila kibali ni kosa na ni njia ya magonjwa. Afisa uvuvi wa halmashauri ndiye wa kumuuliza. Ukichoka nao, au ukihama, usiwamwage mtoni kwa kudhani unawaachia huru. Mto Songwe unaingia Ziwa Nyasa, na Momba unaingia Ziwa Rukwa. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na furu wa aina nyingi ambao hawakupatikana popote pengine duniani wakatoweka. Mpe mwenye tangi, au shule inayoweza kuwatunza, na tafuta mtu huyo kabla hujabomoa.

Wallahu a'lam.