Kazi feki za sanaa zinavyokula jasho la wachoraji na wachongaji

Na Mwandishi Wetu

MKULIMA aliyewahi kuuziwa mbegu feki anaijua hasara yake. Pakiti inapendeza, jina la kampuni limeandikwa vizuri, lakini shambani hakioti kitu cha maana. Tangu siku hiyo mkulima huyo huitilia shaka hata pakiti halali, na muuza mbegu mwaminifu hupoteza mteja kwa kosa lisilo lake.

Hali hiyo hiyo inalikabili soko la sanaa. Kutoka Sinza hadi soko la vinyago la Mwenge ni mwendo mfupi, na ukifika hapo utakuta vinyago na picha za kuchora zimepangwa duka kwa duka. Mnunuzi hutoa fedha yake akiamini mambo mawili: kwamba mali yenyewe ni ile aliyoambiwa, na kwamba aliyeitengeneza ndiye aliyetajwa. Moja kati ya hayo likiwa uongo, imani ya mteja huondoka na bei hushuka kwa wote. Anayeumia zaidi ni yule aliyeketi chini kutwa nzima akichonga kwa mkono wake.

Kuiga na kughushi ni mambo mawili

Ni vema kwanza kutenganisha mambo ambayo mara nyingi huchanganywa. Kuna anayejifunza kwa kuiga mtindo wa mwalimu wake, na kuna anayeandika jina la mwalimu huyo kwenye kazi yake ili auze kwa bei ya juu. Wa kwanza ni mwanafunzi, wa pili ni tapeli.

Historia ya picha za Tingatinga inaonyesha tofauti hiyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Alitumia hadibodi na rangi za mafuta za kupakia baiskeli, na picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Aliwafundisha ndugu na jamaa wachache, nao walijifunza kwa kuiga wanyama na ndege aliowachora. Mwaka 1972 alifariki dunia baada ya kupigwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Mwaka 1990 warithi wa mtindo wake waliunda chama cha ushirika, na hadi leo mtindo huo unazilisha familia nyingi.

Bila kuiga, mtindo huo ungezikwa pamoja na mwanzilishi wake. Kwa hiyo mchoraji anayechora chui kwa mtindo wa Tingatinga na kuweka jina lake mwenyewe hana kosa. Kosa huanza pale anapoweka sahihi ya marehemu, au dalali anapomwambia mgeni kwamba picha iliyokauka juzi ilichorwa na Edward Saidi mwenyewe.

Marehemu huyo alichora kwa takriban miaka minne tu, hivyo kazi za mkono wake ni chache na thamani yake ni kubwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo. Uchache huo ndio unaowavutia waghushi. Hata hivyo, hesabu ndogo yaweza kumuumbua mwongo: picha yenye sahihi yake na tarehe ya mwaka 1975 haiwezi kuwa yake, kwa kuwa wakati huo alikuwa ameshafariki miaka mitatu. Mnunuzi pia anapaswa kujua kwamba neno "Tingatinga" peke yake linaweza kuwa jina la mtindo, wala halithibitishi kwamba mchoraji ni Edward Saidi.

Utata mwingine hutokana na karakana kubwa. Marehemu George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki mwaka 2005, alipata umaarufu nje ya nchi kwa picha na vinyago vya mashetani. Katika miaka yake ya mwisho alisumbuliwa na maradhi na alifanya kazi kwa kusaidiwa na vijana wa karakana yake. Leo swali la ipi ni kazi ya mkono wake na ipi ya wasaidizi linawasumbua wanunuzi. Kusaidiwa si aibu. Tatizo ni pale kunapokosekana kumbukumbu inayoeleza nani alifanya nini.

Mpingo wa dawa ya viatu

Kwa wachongaji, udanganyifu mkubwa zaidi umo kwenye mti. Mpingo hukua polepole sana na bei yake ni kubwa. Baadhi ya watu huchonga mti mwepesi, wakaupiga msasa, wakaupaka dawa nyeusi ya viatu hadi ung'ae, kisha wakauuza kama mpingo.

Njia za kuutambua ni rahisi. Mpingo ni mzito kuliko maji, hivyo kipande chake kikitumbukizwa majini huzama. Kinyago kikubwa kinachoinuliwa kama kikapu kitupu kinatia shaka. Futa sehemu ya chini kwa kitambaa chenye unyevu. Kikitoka cheusi, uliza maswali. Kwa ruhusa ya mwenye mali, kwaruza kidogo chini ya kitako: weusi wa mpingo umo ndani ya mti, ilhali rangi ya kupaka huishia juu. Aidha, usikikatae kinyago chenye sehemu nyeupe au ya manjano, kwani sehemu ya nje ya gogo la mpingo ina rangi hiyo kwa asili.

Suala hili linamgusa mkulima pia. Vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilikuwa kwenye cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu kilichotolewa mwaka 2009 kwa misitu ya vijiji yenye mpingo. Kijiji kinacholinda miti kwa miongo mingi hakiwezi kupata bei nzuri ikiwa mjini mti wowote uliopakwa dawa unapita kwa jina la mpingo.

Sheria inasemaje

Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 na taasisi yake, COSOZA. Haki ya msanii huanza pale anapoikamilisha kazi yake, hata kabla hajaisajili. Usajili humpa ushahidi pindi mgogoro unapotokea.

Chini ya sheria hiyo ya Bara, hakimiliki hudumu maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, miaka 50 tangu kifo cha Edward Saidi ilitimia mwaka 2022. Baadhi ya wafanyabiashara wanaweza kudhani kwamba sasa kila kitu ni ruksa. Sivyo. Muda wa hakimiliki ukiisha, mtu anaweza kuichora upya picha ya zamani, lakini kuitia sahihi ya marehemu na kuiuza kama kazi yake ni kujipatia fedha kwa udanganyifu, kosa lililomo katika Kanuni ya Adhabu.

Vikundi navyo vina kinga nyingine. Kikundi kinaweza kusajili alama ya biashara BRELA na kuiweka kwenye kazi za wanachama wake. Usajili huo hudumu miaka 7 ya mwanzo, kisha huhuishwa kila baada ya miaka 10.

Daftari ni kinga ya kwanza

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msanii anaweza kuanza leo kwa hatua zifuatazo:

Kwanza, piga picha kila kazi kabla haijatoka mkononi, mbele na nyuma, na uiandike kwenye daftari kwa namba, tarehe, vipimo, aina ya mti au rangi, na jina la mnunuzi.

Pili, weka sahihi ya aina moja wakati wote, na namba ile ile ya daftari iandikwe nyuma ya picha au chini ya kinyago. Aliyekusaidia naye aandikwe.

Tatu, mpe mnunuzi risiti na karatasi fupi yenye picha ya kazi hiyo, namba yake na jina lako.

Kwa mwenye duka, usipokee kazi isiyo na jina la aliyeitengeneza. Mti ukiwa si mpingo, sema si mpingo na uuze kwa bei yake. Kinyago cha mti mwingine kilichochongwa vizuri nacho kina mnunuzi. Dalali akikuletea "Tingatinga ya mwaka 1970", muulize ilikuwa kwa nani, ilinunuliwa lini na karatasi ziko wapi.

Maswali hayo hayana ukubwa wala udogo wa duka. Mwaka 2011 duka la picha la Knoedler la New York, lililoanza mwaka 1846, lilifunga milango. Baadaye ilithibitika kwamba lilikuwa limeuza picha bandia zaidi ya 30, zenye thamani ya takriban dola milioni 80 za Marekani, zote zikiwa zimechorwa na mtu mmoja mjini humo. Picha hizo zilikuja na hadithi tamu kuhusu mwenye mali asiyetaka kutajwa, lakini bila karatasi za kuonyesha zimetoka wapi. Miaka zaidi ya 160 ya jina zuri iliishia hapo.

Fundi wa Sinza au Mwenge hana miaka 160 ya kupoteza. Ana jina lake, daftari la shilingi chache, na mteja ambaye akiridhika leo atarudi kesho na mwenzake.