Bingwa Mkongwe na Ushahidi wa Mlezi

Wahenga walinena kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hii hukaririwa sana madarasani, lakini haisemi lolote kuhusu kumtunza mzee. Hata msamiati wetu husitasita hapo. Anayemtunza mtoto ni mlezi au yaya. Anayemtunza mgonjwa ni muuguzi. Je, anayemtunza mtu mzima aliyepungukiwa na nguvu tu, tumwite nani? Wengi husema mlezi, nami nitalitumia neno hilo, ingawa linamrudisha mzee utotoni.

Suala hili si la kamusi pekee. Kila tarehe 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, huwasifu wanariadha wetu kwa tarakimu. Twajua kwamba Wilson Kiprugut Chumo aliiletea Kenya medali ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, mjini Tokyo mwaka 1964, kisha fedha huko Mexico mwaka 1968. Twajua pia kwamba Nyandika Maiyoro alikuwa wa saba katika mita 5,000 mjini Melbourne mwaka 1956, na wa sita mjini Roma mwaka 1960. Maiyoro alifariki mwaka 2019, naye Kiprugut mwaka 2022. Kati ya Roma na kifo cha Maiyoro ilipita miaka 59. Miaka hiyo nani aliyeiandika?

Hapa Gitothua, viungani mwa Ruiru, namfahamu mama mmoja aliyemtunza kwa miaka minne mzee aliyekimbia mbio katika ujana wake. Jina la mzee huyo, ambaye sasa ni marehemu, halimo katika orodha yoyote ya Olimpiki. Mama ananisimulia kwamba mzee alikataa katakata kuuita mkongojo mkongojo, aliuita kijiti. Alipochoka, alimnyooshea na kumwambia, "Pokea, mwanangu, zamu yako." Kila asubuhi alijipima kwa saa ya mkononi kutoka mlangoni hadi langoni. Akipunguza sekunde mbili, alidai chai ya pili kama tuzo. Akizidisha, alinuna hadi adhuhuri. Kuna siku alilia kwa kushindwa kufunga kamba za viatu, na siku nyingine alimfokea mlezi wake bila sababu. Hayo nayo mama hayafichi.

Kilichonigusa zaidi ni sarufi yake. Sisi waandishi husema "bingwa wa zamani" au "aliyekuwa bingwa" hata mhusika angali hai. Nomino bingwa haina wakati. Ni sisi tunaoibandika uzamani. Mama huyu hufanya kinyume. Mzee amekwisha kuzikwa, naye bado husema, "Guka hapendi kupitwa."

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni mapenzi, wala si historia. Naam, mapenzi yamo. Hata hivyo, saa ya mwamuzi hupima mwendo, haipimi moyo. Aliyemwona mkimbiaji akishinda ana ushahidi wa dakika chache. Aliyemwona akishindwa na ngazi mbili, kisha akazijaribu tena kesho yake, ana ushahidi wa tabia ileile iliyomshindisha uwanjani. Tena shahidi asiyeficha hasira wala machozi ya anayemsimulia anastahili kuaminiwa kuliko rambirambi zetu zenye sifa tupu.

Walimu wenzangu, tunapowatuma wanafunzi waandike wasifu wa mashujaa wa vijiji vyao, tusiwatume kwenye vikombe na picha za ukutani pekee. Wamwendee pia mlezi, ambaye aghalabu ni mwanamke na aghalabu halipwi kitu. Wamwulize mzee hucheka nini, hukataa nini, huota nini. Wayaandike majibu kwa Kiswahili sanifu, na jina la msimulizi liwekwe juu ya ukurasa iwapo ataridhia. Huenda kwa kuandika hivyo tukalipata hata lile neno ambalo lugha yetu bado inalitafuta.