Kusaka Jeni, Sehemu ya Pili: Damu ya Maracaibo

Wiki iliyopita makala haya yalieleza jinsi jozi 23 za kromosomu zinavyobeba urithi wa baba na mama. Leo swali ni gumu zaidi. Mtafiti anajuaje kuwa jeni fulani iko kwenye kromosomu hii, pembe hii, ilhali hajawahi kuiona wala hajui inafanya kazi gani?

Jibu la kwanza lilitoka kwa inzi. Mwaka 1913 Alfred Sturtevant, mwanafunzi wa Thomas Hunt Morgan katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alichapisha ramani ya jeni 6 za inzi wa matunda. Alijua kwamba mayai na mbegu za uzazi zinapotengenezwa, kromosomu mbili za jozi moja hubadilishana vipande. Ni kama kukata karata: zilizopandana hubaki pamoja karibu kila mara, zilizo mbalimbali hutengana kwa urahisi. Basi ukihesabu ni watoto wangapi waliorithi sifa mbili kwa pamoja na wangapi waliorithi moja tu, umepima umbali kati ya jeni zake bila kugusa kromosomu. Kipimo hicho huitwa sentimogani, kwa heshima ya Morgan. Sentimogani moja ni uwezekano wa kutengana mara 1 katika 100, na kwa binadamu hulingana, kwa wastani, na herufi milioni 1 hivi za DNA.

Lakini inzi huzaa mamia kwa muda mfupi, na mtafiti ndiye anayechagua nani ajamiiane na nani. Binadamu hapangiwi ndoa ili ramani ichorwe. Kwake zinahitajika koo kubwa zinazojulikana vizazi kwa vizazi, pamoja na alama nyingi za kufuatilia, na alama zilikuwa haba mno. Mwaka 1980 David Botstein na wenzake watatu walionyesha njia. Vipo vimeng'enya vinavyokata DNA kila vinapokuta mfuatano fulani wa herufi. Pale ambapo herufi za watu wawili zinatofautiana, mmoja hukatwa na mwingine hakatwi, hivyo vipande hutoka kwa urefu tofauti. Tofauti hizo za kuzaliwa nazo, ambazo nyingi hazimdhuru mtu, zikawa ndizo alama.

Mbinu hiyo ilithibitishwa kando ya Ziwa Maracaibo, Venezuela. Katika vijiji vya wavuvi kama Barranquitas na Lagunetas, daktari Américo Negrette alikuwa ameeleza tangu miaka ya 1950 jinsi ugonjwa wa Huntington ulivyoandama koo nzima. Mgonjwa hutikisika mwili bila hiari yake, akili hufifia, na mara nyingi dalili huanza akiwa tayari ana watoto. Kila mtoto ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuurithi. Nancy Wexler, mwanasaikolojia Mmarekani ambaye mama yake alifariki kwa ugonjwa huo mwaka 1978, alifika huko mwaka uliofuata, kisha akawa anarudi mwaka baada ya mwaka. Yeye na wenzake walichora nasaba ya watu zaidi ya 18,000 na kukusanya maelfu ya sampuli za damu. Vitabu vingi husifu maabara, lakini bila wanakijiji hao kukubali kuchomwa sindano na kutaja jamaa zao, maabara isingekuwa na cha kupima.

Damu ilipelekwa Boston kwa mtafiti James Gusella. Mwaka 1983 alitangaza kuwa alama iitwayo G8 ilirithiwa pamoja na ugonjwa huo karibu kila mara. Ilikuwa kwenye kromosomu ipi? Hapo njia nyingine iliingia. Seli ya binadamu ikiunganishwa na ya panya, seli mchanganyiko hupoteza kromosomu za binadamu hatua kwa hatua kadiri inavyogawanyika. Mtafiti huangalia zipi zimebaki, na alama inaonekana katika seli zipi. G8 ilionekana pale tu ilipokuwapo kromosomu ya 4.

Kujua mtaa si kujua nyumba. Ilichukua miaka 10 zaidi, na vikundi 6 vya watafiti, hadi jeni yenyewe kupatikana mwaka 1993. Ndani yake herufi CAG hurudiwa mfululizo, na mtu mwenye marudio 40 au zaidi huugua.

Leo mfuatano wa herufi zote bilioni 3 unajulikana, na watafiti hulinganisha maelfu ya watu wasio na undugu wa karibu. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliowahusu Watanzania, Wakenya na Wasudani. Waliohusika walinyweshwa sukari ya maziwa, wakapimwa sukari ya damu, kisha DNA yao ikachunguzwa karibu na jeni ya laktesi, kimeng'enya kinachosaga sukari hiyo, katika kromosomu ya 2. Wengi wa wanaomudu maziwa ukubwani walikuwa na badiliko la herufi moja tofauti na lile lililogunduliwa miaka mitano kabla katika familia za Kifini. Kipimo kinachotafuta badiliko la Kizungu pekee kingemwambia mfugaji wa Tanzania kuwa hawezi kusaga maziwa anayoyanywa kila siku.

Sehemu ya tatu itaeleza kwa nini tafiti hizo huhitaji alama nyingi zaidi kwa Waafrika kuliko kwa Wazungu.