Mkrismasi Unataka Uwanja

Ikifika Novemba, mikrismasi ya mwambao huwaka wekundu, na ndipo watu wanapomiminika vitaluni kuulizia miche. Mche wenyewe, ukiwa bado kwenye kiriba, haupiti goti, na vijani vyake laini havimtishi mtu. Ndiyo maana wengi huupanda popote penye nafasi: ubavuni mwa ukuta, mbele ya dirisha la sebule, hata kando ya karo.

Asili ya mti huu ni Madagaska, kwenye misitu ya ukame, na tabia zake nyingi zimetoka huko. Kiangazi kikikaza hupukutisha majani ukabaki mtupu, kisha huchanua majira yanapogeuka. Kwetu mageuzi hayo huangukia karibu na Krismasi. Kule Florida, Marekani, mti huo huo huchanua Mei na Juni. Kwa hiyo anayeumwagilia mwaka mzima na kuujaza yurea asishangae kupata majani tele na maua haba. Mkrismasi uliokwisha kushika ardhi uuache ukaukiwe kidogo.

Sasa tuje kwenye ukubwa, maana hapa ndipo ugomvi na jirani unapoanzia. Kwa kawaida mti hufikia mita 10 hadi 15 kwenda juu, lakini matawi hutanda kwa upana unaoweza kuzidi kimo hicho. Mizizi nayo hutambaa karibu na uso wa udongo, ikanenepa na kuinua sakafu, kupasua ukuta wa uzio na kusumbua mabomba. Mimi huwashauri watu waache angalau mita 10 kutoka kwenye nyumba, karo na bomba, na wasiupande kabisa chini ya nyaya za umeme. Ukoka pia hausitawi vizuri chini yake. Weka matandazo ya majani makavu, usihangaike.

Kuuotesha si kazi. Makaka yake marefu yakikauka, ukiyatikisa mbegu hulia kama kayamba. Ganda la mbegu ni gumu mno, haliingizi maji kirahisi. Likwaruze kwa msasa au zimwagie mbegu maji yaliyotoka kuchemka, kisha ziache zilowe usiku kucha. Zilizovimba ndizo za kupanda. Mche uende shambani mwanzoni mwa mvua, kwenye shimo la sentimita 60 kila upande lililochanganywa samadi iliyooza, na umwagiliwe viangazi viwili vya kwanza. Angalia mchwa, maana huupenda. Maua yatahitaji subira ya miaka mitano au zaidi.

Kazi ambayo karibu kila mtu huiruka ni kupogoa ungali mdogo. Mkrismasi ukiachwa ujiamulie hugawanyika chini chini kuwa mashina mawili au matatu yanayolingana nguvu, na mbao zake ni dhaifu. Upepo mkali ukija, panda hiyo hupasuka, na tawi zima huangukia kilicho chini yake. Chagua shina moja liongoze, yale yanayoshindana nalo yapunguze mapema, na ondoa matawi ya chini kidogo kidogo mpaka shina liwe safi kwa mita 2.5 au 3. Fanya hivyo mti ukiwa hauna majani. Kukata matawi mazito mti ukishazeeka, kama wanavyofanya mafundi wa panga mitaani, huacha vidonda vinavyooza.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba, karo na maegesho ya gari, jibu langu ni hapana, panda mlimau. Kama mche umeshaununua, upeleke shule ya karibu yenye uwanja mpana, na umwombe mwalimu mkuu awapangie wanafunzi zamu ya kuumwagilia.